Barua ya wazi: Wilaya zisizo na madaktari zisomeshe watoto wao Bugando

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,
Wahashamu Mababa Askofu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania,
Uongozi wa CUHAS,
Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,
Wakurugenzi wa halmashauri zote za Kanda ya Ziwa.

YAH: OMBI LA MKATABA WA KUSOMESHA NA KUAJIRI WATAALAMU WA AFYA KUTOKA WILAYA ZENYE UHABA

Waheshimiwa, Wahashamu, ndugu zangu,

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na cha sita mkoani Simiyu. Wanafunzi wangu ni wa tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, na ukiwauliza wanataka kuwa nani, karibu darasa zima litakujibu daktari. Wengi ni watoto wa wakulima wa pamba na wafugaji wa Meatu, Itilima, Maswa, Busega na Bariadi. Wamekua wakiona mjamzito akipakiwa kwenye pikipiki usiku wa masika, barabara ya udongo mweusi wa mbuga ikiwa haipitiki kwa gari la wagonjwa. Wanapotaja udaktari wanamtaja mtu wanayejua kabisa kwamba hayupo.

Nawaandikia kuhusu njia ya mtoto wa namna hiyo, tangu anapotoka darasani kwangu hadi anapoingia kazini katika hospitali au kituo cha afya cha wilaya yake. Na nawaandikia kuhusu chuo kilichowekwa Mwanza ili njia hiyo iwepo: Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi, CUHAS, ambacho watu wa huku tunakiita Bugando tu, kwa jina la kilima na la hospitali yake. Ombi langu ni moja. Kila wilaya yenye uhaba ichague vijana wake wenye sifa, chuo kiwatengee nafasi, Serikali na halmashauri ziwalipie, na nafasi ya ajira katika wilaya yao iwe imeshaandikwa na kusainiwa kabla hawajahudhuria kipindi cha kwanza.

Wanafunzi wangu wamezaliwa wakikuta chuo kipo, kwa hiyo hawajui hali ilivyokuwa. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963. Chuo cha KCMC, Moshi, kilianza 1997. Vyuo binafsi vya mwanzo vya udaktari, kikiwamo cha Hubert Kairuki, navyo vilifunguliwa Dar es Salaam. Kijana wa Bukoba, Tarime au Kahama aliyetaka shahada ya udaktari alifungasha kwenda Pwani au Kilimanjaro, akaishi huko miaka yake yote ya masomo, akapata marafiki huko, mara nyingi na mwenzi wa ndoa huko, na kazi huko. Ndipo mwaka 2003 masomo yakaanza Bugando, chuo kikiwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, na wanafunzi wachache sana. Kwa miaka kadhaa kilibeba jina la Weill Bugando kutokana na msaada wa familia ya Weill ya Marekani, kisha kikasimama chenyewe kama chuo kikuu. Leo kinafundisha madaktari, wauguzi, wafamasia, wateknolojia wa maabara, wataalamu wa mionzi, na madaktari wanaosomea ubingwa.

Faida yake tumeiona kwa macho. Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Mara au Kagera aliyehitaji tiba ya mionzi aliambiwa jambo moja: nenda Ocean Road, Dar es Salaam. Waliokuwa na ng'ombe wa kuuza waliuza, wakasafiri, wakalala kwa jamaa wasiowafahamu vizuri. Wasiokuwa nao walirudi nyumbani na maumivu yao. Sasa mionzi inatolewa Bugando. Hospitali yenye chuo huvuta mabingwa, kwa sababu bingwa anataka kufundisha, anataka maabara ya utafiti, anataka wenzake wa kujadiliana nao kuhusu mgonjwa mgumu. Pasipo chuo, angekuja kwa ziara ya wiki moja na kuondoka.

Kwa hati chuo ni cha Kanisa, na Kanisa linastahili shukrani zetu. Lakini waliokijenga ni wengi. Hospitali ya Bugando ilijengwa na Kanisa kwa msaada wa wafadhili wa Ujerumani, ikafunguliwa mwaka 1971, ikachukuliwa na Serikali mwaka 1972, kisha uendeshaji ukarudishwa kwa Kanisa mwaka 1985 kwa makubaliano ya pande mbili. Serikali imekuwa ikilipa mishahara ya watumishi wake. Mwaka 1992 Serikali na makanisa walisaini Mkataba wa Maelewano kuhusu huduma za jamii, na hadi leo hospitali nyingi za madhehebu zinahudumia wilaya nzima zikiwa na watumishi wanaolipwa na Hazina. Ongeza fedha za wafadhili wa nje, na mikopo ya wanafunzi inayotoka kwenye kodi.

Halafu kuna mchango ambao sijawahi kuusikia ukisemwa kwenye mahafali. Mwanafunzi anayejifunza kusikiliza moyo anausikiliza kwenye kifua cha mvuvi wa Ukerewe. Anayejifunza kupapasa bandama iliyovimba anaipapasa kwenye tumbo la mtoto wa Misungwi mwenye kichocho au selimundu. Anayejifunza kuzalisha ameshika mikono ya mama wa Sengerema akiwa katika saa zake ngumu kuliko zote. Wagonjwa hawa wanakubali kuguswa na kuulizwa maswali yaleyale na vijana wanne, watano, mmoja baada ya mwingine, na hawadai malipo. Kwa sensa ya 2022, mikoa sita ya Mwanza, Geita, Shinyanga, Simiyu, Mara na Kagera ina watu zaidi ya milioni 16, yaani zaidi ya robo ya Watanzania wote. Watu hao wamechangia elimu ya kila daktari aliyetoka Bugando. Kudai kwamba sehemu ya madaktari hao watoke kwao na warudi kwao si kuomba upendeleo.

Sasa niseme njia inakatika wapi.

Inakatika kwanza mlangoni, kwenye ada. Ada ya vyuo binafsi vya tiba inazidi kwa mbali ile ya vyuo vya umma, na mkopo wa Serikali, ambao hutolewa kwa kiwango kinachotegemea uhitaji wa mwombaji, hauzibi pengo kwa kila mtu. Nilikuwa na binti darasani, mtoto wa mfugaji wa Meatu, ambaye tangu kidato cha tano alikuwa akibaki maabara baada ya wenzake kuondoka. Alifaulu vizuri, akapata nafasi ya udaktari katika chuo kimoja binafsi ambacho sitakitaja. Mkopo aliopata ulikuwa sehemu tu ya kilichotakiwa. Baba yake aliuza ng'ombe mwaka wa kwanza, akauza tena mwaka wa pili. Katika jamii ambayo binti huleta ng'ombe nyumbani, mzee yule alitoa ng'ombe ili binti asome, na majirani walimwona amechanganyikiwa. Mwaka wa tatu ulipokaribia alikuja shuleni kuniona. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nimefika mwisho." Sikuwa na la kumjibu. Binti yake leo anauza dawa za mifugo mnadani. Anazijua dawa zile vizuri kuliko yeyote pale, na kila nikikutana naye tunasalimiana kwa heshima bila kugusa habari za chuo.

Najua Serikali imefanya mengi. Elimu bila ada ilianza 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha tano na cha sita. Bila hatua hiyo, nusu ya darasa langu lisingekuwepo. Upo pia Ufadhili wa Samia kwa wanaofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi, elimu tiba ikiwamo. Nauheshimu mpango huo. Lakini unachagua kwa alama za juu kabisa nchini, na alama za juu kabisa hutoka kwenye shule zenye maabara zilizokamilika na walimu wa kutosha. Mwanafunzi wangu aliyejifunza jaribio la kemia la titresheni kwa zamu, watu kumi kwa bureti moja, anaweza kuwa na sifa zote za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, za kusomea udaktari na bado asionekane kwenye orodha hiyo.

Njia inakatika mara ya pili kwenye ajira. Mtakumbuka mwaka 2017, Kenya ilipoomba madaktari 500 kutoka kwetu. Madaktari wa Kenya wakaenda mahakamani kupinga, na Rais Magufuli akaamua kwamba madaktari 258 waliokuwa wameomba waajiriwe hapahapa nchini. Niliifurahia habari ile, kisha ikaniumiza. Watu 258 waliofuzu, na utarajali, yaani mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini, wameshamaliza, walikuwa wamekaa nyumbani kiasi cha kuwa tayari kuvuka mpaka, wakati mipango ya rasilimali watu ya Wizara ya Afya yenyewe ilikuwa ikikiri pengo la takriban nusu ya ikama, yaani idadi ya watumishi wanaohitajika. Daktari alikuwepo, mgonjwa alikuwepo, kilichokosekana ni kibali cha ajira cha kuwakutanisha. Hadi leo nawafahamu vijana waliomaliza miaka mitano ya chuo na mmoja wa utarajali, wanajitolea hospitalini kwa posho, au wamehamia kuuza vifaa tiba jijini. Kila mwaka wanaongezeka wengine.

Mara ya tatu inakatika kimyakimya, na hapa sina wa kumlaumu. Chuo kinadahili kutoka nchi nzima kwa alama, kama sheria inavyotaka. Ajira zikitoka, zinatangazwa nchi nzima. Mhitimu aliyezaliwa mjini anapangiwa Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, au kisiwani Ukara, anaripoti, anakaa hadi apate uhamisho. Simlaumu. Hajawahi kuishi hapo, hana ndugu hapo, na nyumba ya mtumishi hakuna. Kila ofisi imefanya kazi yake sawasawa, na Meatu inabaki na pengo la daktari, kwa sababu hakuna ofisi hata moja ambayo kazi yake ni kuhakikisha Meatu inampata.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo mwaka 2010, likayahuisha mwaka 2021, kuhusu namna ya kupata na kubakiza watumishi wa afya vijijini. La mwanzo kabisa ni kudahili wanafunzi waliotoka vijijini. Mengine ni kuweka vyuo nje ya miji mikuu, kuwapeleka wanafunzi kujifunza kwenye hospitali za vijijini wakiwa bado chuoni, na kutoa ufadhili wenye sharti la kurudi kuhudumu. La kuweka chuo nje ya mji mkuu tumelitimiza kwa kujenga Bugando. La mafunzo ya vitendo limeshafanyiwa kazi. Wanafunzi wamepelekwa Sengerema na kujifunza udaktari wa wilaya, mahali ambapo kipimo unachokitaka hakipo na lazima utumie macho, masikio na mikono. Mawili yaliyobaki ndiyo hasa ninayoyaomba.

Wapo waliotutangulia. Japani mwaka 1972 serikali za majimbo ziliungana kuanzisha chuo cha tiba cha Jichi, ambacho kisheria ni chuo binafsi. Kila jimbo huchagua vijana wake wachache kila mwaka. Ada yao hulipwa kama mkopo, na mkopo husamehewa mhitimu akitumikia jimbo lake kwa kipindi ambacho kwa kawaida ni miaka tisa, sehemu yake ikiwa kwenye visiwa na milimani. Ni nchi tajiri, mtasema. Basi tazameni Ufilipino. Mjini Zamboanga, kusini mwa nchi, eneo maskini lililokuwa na miji mingi midogo isiyo na daktari, chuo cha tiba kilianzishwa mwaka 1994 na leo ni sehemu ya chuo kikuu cha Wajesuiti. Wanafunzi hukaa vijijini kwa miezi kadhaa katika masomo yao, wakishughulikia matatizo ya kijiji kilekile mwaka hadi mwaka. Wahitimu wake wengi wamebaki kufanya kazi kusini hukohuko. Wahashamu Mababa Askofu, hicho ni chuo cha Kikatoliki kama chenu, kwenye eneo lililosahaulika kama letu.

Naomba basi nieleze mkataba ninaoufikiria. Utakuwa na saini nne: ya mwanafunzi, ya chuo, ya halmashauri, na ya Serikali Kuu kupitia wizara inayotoa kibali cha ajira.

Halmashauri itachagua vijana kutoka shule za wilaya yake, wenye sifa za chini za TCU bila kulegezwa hata alama moja. Hapa ndipo ninapoogopa zaidi, na nitasema wazi. Kamati ya wilaya ikiachiwa gizani, nafasi zitakwenda kwa watoto wa wakubwa wanaosoma mijini na kurudi kuandikishwa siku ya mwisho. Kwa hiyo sharti liwe mtoto amesoma shule ya msingi na kidato cha nne ndani ya wilaya. Majina ya waombaji wote na alama zao yabandikwe kwenye ofisi za kata, na wananchi wapewe wiki mbili za kuweka pingamizi. Mwanakijiji anajua vizuri nani ni mtoto wa hapo.

Kwa chuo, naomba kitenge nafasi kila mwaka, kwanza chache, na zisiwe za udaktari peke yake. Muuguzi mkunga, mteknolojia wa maabara na mtaalamu wa usingizi ni muhimu vilevile. Chumba cha upasuaji kisicho na mtu wa usingizi ni stoo. Kiwaandalie pia mwaka wa maandalizi au masomo ya ziada wale waliotoka shule zisizo na maabara, wasije wakafeli muhula wa kwanza kwa mambo ambayo wenzao waliyaona kidato cha tatu. Na mafunzo yao ya vitendo yafanyike kwenye wilaya watakazozitumikia.

Kuhusu fedha, nimepiga hesabu. Tukikadiria kwa ukarimu shilingi milioni 10 kwa mwaka kwa ada, malazi, chakula na vifaa, miaka mitano ni milioni 50. Serikali imekuwa ikipeleka hadi milioni 500 kujenga kituo cha afya kimoja. Kumsomesha daktari wa kukaa ndani yake ni sehemu ya kumi ya hiyo. Geita, Tarime, Msalala na Kishapu zina migodi mikubwa, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 migodi hiyo inapaswa kukubaliana na halmashauri kuhusu fedha za wajibu kwa jamii. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na masoko. Zinaweza pia kusomesha. Sisi Simiyu hatuna mgodi wa ukubwa huo, na kwa wilaya kama zetu Serikali Kuu italazimika kubeba sehemu kubwa. Tusiwategemee wafadhili wa nje kwa jambo hili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi watumishi wa miradi walivyofunga ofisi ndani ya siku chache.

Mhitimu, baada ya utarajali, atatumikia wilaya yake miaka mitano. Akimaliza mitatu na kuthibitishwa, aruhusiwe kuomba nafasi ya kusomea ubingwa Bugando na arudi kumalizia akiwa bingwa. Akiondoka kabla, arejeshe fedha zote. Lakini mkataba ufunge pande zote. Ikipita miezi sita tangu amalize utarajali na hajapewa ajira, deni lake lifutwe na awe huru kwenda atakako. Halmashauri iwe na nyumba tayari. Kijana wa miaka 26 aliyesaini kwa uaminifu hapaswi kulala kwenye chumba cha kuhifadhia chanjo kwa sababu bajeti ya nyumba ilihamishiwa kwingine.

Nimeshasikia pingamizi kwamba huu ni ukabila. Hakuna kabila katika ombi hili, kuna wilaya. Mtoto wa mwalimu kutoka Mbeya aliyekulia Itilima na kusoma Itilima ni wa Itilima. Ila kujua lugha ya watu ni sehemu ya tiba, na sitaona haya kulisema. Bibi anayezungumza Kisukuma peke yake akifika kwa daktari, mjukuu wa kiume ndiye mkalimani. Ana uchungu wa sehemu ambazo hawezi kuzitaja mbele ya mjukuu. Anasema ana homa. Anapewa dawa ya malaria na kurudi nyumbani na saratani ya shingo ya kizazi.

Wengine watasema mikataba ya aina hii huvunjwa, na ni kweli imevunjwa huko nyuma. Mingi ilimfunga kijana bila kumfunga aliyemwajiri, na ilimpeleka popote. Mtu anayerudishwa mahali ambapo mama yake anaishi, akiwa na nyumba, mshahara na ahadi ya kusoma zaidi, ana sababu chache za kukimbia. Watakaoondoka watakuwepo. Hata wakiondoka watatu kati ya kumi, waliobaki ni saba, na kwa wilaya yenye uhaba saba ni wengi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, tumepiga hatua ambazo hakuna wa kuzibeza. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Vituo vya afya vyenye vyumba vya upasuaji vimechangia, na ndani ya vyumba hivyo kulikuwa na mtu aliyejua afanye nini. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Mwananchi atakuwa na kadi mkononi, na atauliza nani wa kumhudumia. Baada ya ajali ya MV Nyerere, Septemba 2018, ambapo watu 228 walikufa karibu na ufukwe wa Ukara, sehemu ya fedha za rambirambi ilitumika kupanua Kituo cha Afya cha Bwisya kisiwani humo. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa heshima kubwa kwa marehemu. Wodi zile zina haki ya kuwa na mtoto wa Ukara akifanya raundi ndani yake.

Wahashamu Mababa Askofu na uongozi wa CUHAS, kwenu nina ombi la ziada ambalo halihitaji fedha wala sheria. Kila mwaka, pamoja na idadi ya wahitimu, chapisheni mambo mawili: wanafunzi wenu wametoka wilaya zipi, na wahitimu wa miaka mitano iliyopita wanafanya kazi wapi. Msitaje majina, wilaya tu. Siwatuhumu kwa lolote; huenda takwimu hizo zikawapa sifa kuliko mnavyodhani. Ila chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya ukanda wenye uhaba hakiwezi kujipima kwa idadi ya majoho peke yake. Wazazi tunataka kujua kama kuna hata mmoja kutoka Meatu.

Bodi ya Mikopo, ninyi mnaweza kuanza hata kabla ya mkataba kamili. Wekeni dirisha la wanafunzi wa sayansi za afya walioandikiwa barua na halmashauri za pembezoni, wapewe ada yote kama mkopo, na deni lipunguzwe kwa kila mwaka watakaotumikia wilaya hizo. Mnazo kumbukumbu za waajiri wa wanufaika, kwa sababu ndizo mnazotumia kukata marejesho.

Wakurugenzi, bajeti zenu za mwaka wa fedha unaofuata huanza kuandaliwa miezi mingi kabla ya Julai. Anzeni na wanafunzi wawili kwa kila halmashauri. Shule zetu zitawapa majina.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la udahili la TCU hufunguliwa mara baada ya hapo. Darasa nililonalo sasa lina wanafunzi ambao, kwa ninavyowafahamu, watapata sifa za kusomea udaktari. Wazazi wao wameanza kuniuliza wauze ng'ombe lini, mapema bei ikiwa nzuri au wasubiri barua ya mkopo. Naomba mnipe cha kuwajibu kabla ya Julai.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Mkoa wa Simiyu.